Waliposema uvumbuzi wa mdogo wangu ni ‘jambo la wazi’

Morogoro. Barua ilitufikia kwa simu, kama mambo mengi ya siku hizi. Ilikuwa picha ya karatasi mbili, imetumwa WhatsApp na mtu tuliyekuwa tumemlipa. Mdogo wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, akairudia, kisha akauliza:

“Mama, hapa wameandika njia yangu ni ya wazi. Wazi maana yake nini?”

Mama aliacha kuchambua mchicha. “Wazi ni kitu ambacho kila mtu anakiona,” akasema.

Mdogo wangu hakujibu. Aliweka simu juu ya meza, akaenda chumbani, akafunga mlango. Alikuwa na miaka 17. Baba aliporudi jioni kutoka Nyandira na mzigo wake wa kabichi, akaelezwa, alisema neno moja ambalo najua hata yeye analijutia: “Laki sita nimetoa, kumbe naambiwa kila mtu anajua?”

Kwa karibu mwezi mzima baba na mwanawe walisalimiana tu. “Shikamoo baba.” “Marahaba.” Basi.

Mimi huandika habari za afya, na nimezoea kuhoji wazazi kuhusu surua, lishe na homa za watoto. Sikutegemea kwamba siku moja nitahangaika na sheria ya hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ridhaa yake kwa muda fulani. Lakini nilipoona kijana mwenye njaa ya kujua ameacha kula vizuri na kabati lake la waya na betri limefungwa kwa kufuli, nilielewa kwamba hili nalo ni suala la familia na afya yake. Neno moja la kisheria lilikuwa limeingia nyumbani kwetu, na kila mtu alikuwa amelielewa vibaya.

Nimeandika makala hii kwa ajili yako mzazi mwenye mtoto anayefungua redio na kuunganisha waya, au anayekuambia, “Mama, nimegundua kitu.”

Dira iliyodanganya

Baba huendesha gari la mizigo kati ya mjini na milima ya Uluguru, upande wa Mgeta. Kule juu ukungu ukishuka, hata kona inayofuata huioni, sembuse jua. Baba ni mtu wa swala tano, na muda wa swala ukimkuta njiani anataka kujua kibla kiko wapi. Kwa mtu aliyesimama Morogoro, Makka iko karibu kabisa na kaskazini, imeegemea mashariki kwa digrii nne hivi. Kwa hiyo akiijua kaskazini, anajua na kibla.

Alinunua dira ndogo ya duara, ile inayoelea ndani ya kimiminika, akaibandika juu ya dashibodi. Ilimpendeza, lakini ilikuwa inadanganya. Gari likielekea Dar es Salaam inasema hivi, likigeuka kuelekea Iringa inasema vile, na hesabu hazilingani.

Sababu yake si ngumu. Dira huvutwa na usumaku wa dunia, lakini usumaku huo ni dhaifu. Gari ni chuma, na chuma hushika usumaku wake chenyewe. Spika ya redio ina sumaku nzito nyuma yake. Tena, waya wowote unaopitisha umeme hujizungushia nguvu ya sumaku, jambo alilolionyesha Mdenmark Hans Christian Ørsted mwaka 1820. Dira iliyo juu ya dashibodi husikiliza vyote hivyo kwa pamoja, kisha inakupa jibu moja.

Mdogo wangu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, alilichukua tatizo hilo kama ugomvi wake binafsi. Jumapili moja alimwomba baba walipeleke gari kwenye uwanja ulio wazi. Akachora mistari ardhini kwa kutumia dira nyingine aliyoishika mbali na gari. Akamwelekeza baba aliweke gari pande nane, moja baada ya nyingine, na kila upande akaandika dira ya ndani inasema nini. Akapata jedwali: ikisema hivi, ongeza digrii kadhaa, ikisema vile, punguza.

Kisha akaona jambo jingine. Baba alipowasha taa kubwa, dira iliruka. Alipozima, ikarudi. Akatengeneza jedwali la pili, la taa zikiwa zimewashwa. Baadaye, kwa vifaa vya bei ndogo alivyonunua mtandaoni, akaunda kisanduku kinachosoma dira, kinachojua kama taa zinawaka au la, na kinachochagua jedwali lenyewe bila kuulizwa.

Mwalimu wake akamsifu, na kazi ikaonyeshwa katika maonyesho ya shule. Ndipo akajitokeza mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa hataza, akasema jambo hili ni la mamilioni. Baba akatoa laki sita.

Wazi kwa nani?

Baada ya ile barua niliketi na Sheria ya Hataza ya Tanzania, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987. Uvumbuzi unaoomba hataza hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, uwe mpya, yaani haujawahi kuwekwa hadharani popote duniani. Pili, uwe na hatua ya uvumbuzi. Tatu, uweze kutumika katika viwanda, kilimo au kazi nyingine za uzalishaji.

Neno letu limo katika jambo la pili. Uvumbuzi una hatua ya uvumbuzi ikiwa, ukitazama yote yaliyokwisha kujulikana, usingekuwa wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo.

Soma tena maneno hayo ya mwisho: mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo. Huyo si mama yangu anayechambua mchicha, wala si baba, wala si kijana wa kidato cha tatu. Ni mtu wa kufikirika. Katika kesi yetu ni fundi wa dira za magari, mwenye ujuzi wa wastani, ambaye anahesabiwa kuwa amesoma kila kitabu na kila hataza ya zamani inayohusu dira. Yuko mezani na karatasi zote za dunia mbele yake.

Kwa hiyo mama alikosea, na baba alikosea. Barua haikusema kwamba kila mtu anajua. Ilisema kwamba fundi wa kufikirika, aliyesoma kila kitu, angeweza kufika hapo bila kusumbuka sana. Kwamba kijana wa miaka 16 alifika hapohapo bila kusoma hata karatasi moja kati ya hizo, sheria hailizungumzii. Hilo ni la mzazi kuliona.

Meli ya chuma ya mwaka 1838

Fundi huyo wa kufikirika angekuta nini mezani?

Angekuta kwamba tatizo la baba lilianza baharini. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma, dira zake zilipotoka na vyombo vikapotea njia. Mwaka 1838 mwanafalaki wa Uingereza, George Airy, alipewa meli ya chuma iitwayo Rainbow aifanyie majaribio. Aliigeuza pande mbalimbali, akaandika dira inakosea kiasi gani kila upande, kisha akaweka sumaku na vipande vya chuma karibu na dira ili kulipinga kosa. Hadi leo manahodha huwa na kadi inayoonyesha dira yao inakosea kiasi gani kwa kila uelekeo.

Hilo ndilo jedwali la kwanza la mdogo wangu. Limemtangulia kwa zaidi ya miaka 180.

Angekuta pia magari yenye dira ya kielektroniki ndani ya kioo cha kutazamia nyuma. Kijitabu chake humwelekeza dereva azunguke polepole katika duara hadi dira ijirekebishe yenyewe. Simu unayosomea makala hii nayo ina dira, na pengine iliwahi kukuomba uizungushe hewani mfano wa namba 8. Inafanya kazi ileile: inapima sumaku za jirani ili izitoe kwenye hesabu.

Na zile taa? Hapo ndipo nilipokuwa na matumaini. Nilimwuliza rubani mmoja wa ndege ndogo kama amewahi kuona kitu kama hicho. Alicheka, akanitumia picha. Karibu na dira ya ndege ndogo huwa kuna kadi ya masahihisho, na baadhi ya kadi hizo zina sehemu mbili: moja ya kutumia redio ikiwa imewashwa, nyingine redio ikiwa imezimwa.

Jedwali mbili, kama za mdogo wangu.

Kitendawili na jibu lake

Lakini tuwe waadilifu. Si kila kinachoonekana wazi leo kilikuwa wazi jana.

Watoto wakicheza vitendawili, mmoja husema, “Nyumba yangu haina mlango.” Wote wanakuna vichwa. Wakishaambiwa ni yai, utasikia, “Aah, nilijua!” Hakuna aliyejua. Jibu likishatoka, hugeuza kila mtu kuwa mwerevu.

Huu ndio mtego mkubwa wa kupima uwazi wa uvumbuzi, na majaji wanaujua. Mchunguzi anasoma kwanza jibu la mvumbuzi, ndipo anajiuliza kama lilikuwa jepesi. Anatakiwa ajirudishe nyuma, kwenye siku ya maombi, asahau jibu, ajiulize fundi wa kawaida angefanya nini. Ni kazi ngumu, na ndiyo maana kesi nyingi za hataza hufika rufaa.

Nitatoa mifano miwili, yote inaingia akilini mwa mzazi.

Mwaka 1958, katika kisiwa cha Hayling nchini Uingereza, mvulana wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alichukua ubao, akaufunga tanga linaloweza kugeuzwa kila upande, akacheza nao majini. Miaka kumi baadaye Wamarekani wawili, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, waliomba hataza ya ubao wa tanga, na mchezo huo ukaja kuenea duniani. Mwenye hataza aliposhtaki kampuni nyingine Uingereza, upande wa pili ulileta ushahidi wa mchezo wa yule mtoto. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba hataza hiyo haisimami: mtoto alikuwa ameshacheza nao hadharani, na pia uvumbuzi wenyewe ulikuwa wazi ukilinganishwa na makala ya jarida iliyochapishwa kabla ya maombi. Kesi hiyo, Windsurfing International dhidi ya Tabur Marine, bado inafundishwa vyuoni.

Mtoto yule hakuwahi kuomba hataza, lakini alichokifanya ufukweni kilihesabika mbele ya majaji.

Mfano wa pili ni wa magari. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, iliyohusu pedeli ya mafuta. Pedeli inayoweza kusogezwa ilikuwepo. Kihisio cha kielektroniki kilikuwepo. Hataza ilidai kuviunganisha pamoja. Majaji walisema kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ya kawaida na kuleta matokeo yanayotarajiwa, kwa kawaida ni jambo la wazi. Walisema pia kwamba fundi wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida, si mashine.

Uamuzi huo ulinifungua macho. Kisanduku cha mdogo wangu kilikuwa jedwali la meli, kadi ya ndege na dira ya kielektroniki vimekutana. Kila kimoja kilifanya kazi yake ya zamani.

Jambo lisilo wazi linafananaje?

Kwa sisi wa Morogoro jibu liko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kila mtoto wa Uluguru anamjua panya buku: anaharibu mahindi, na wapo wanaomla. Mbelgiji Bart Weetjens alipotoa wazo kwamba mnyama huyu afundishwe kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, si watu wengi waliolichukulia kwa uzito. Shirika lake, APOPO, lilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamishia kazi yake hapa Morogoro kwa ushirikiano na SUA.

Panya mmoja aliyezaliwa na kufundishwa hapa, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Panya wengine wanafundishwa kunusa makohozi ili kusaidia kuwapata wagonjwa wa kifua kikuu waliopitwa na hadubini.

Sizungumzii hataza hapa. Nazungumzia wazo. Fundi wa mabomu aliyesoma vitabu vyote vya kutegua mabomu asingeamka asubuhi na kusema, “Nileteeni panya buku.” Huko ndiko kuruka ambako sheria inakutafuta.

Tukate rufaa?

Yule “mtaalamu” hakuishia kwenye barua. Alipiga simu akasema tukate rufaa, na kwamba rufaa ni laki nane. Baba, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani, alianza kuulizia bei ya kiwanja chake kidogo cha Kihonda.

Mama akamwita mjomba. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba akiitwa kwa jambo la mtoto, anakuja. Alishuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi, akaketi, akatusikiliza wote, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza: “Hiyo karatasi mliyopeleka mwanzo, nani kaisoma?”

Hakuna aliyeisoma. Tulimwomba yule mtu nakala, ikaja baada ya kusukumana sana. Ilikuwa karatasi moja na nusu. Ilieleza jedwali la pande nane na kisanduku. Habari ya taa, ambayo ndiyo ilikuwa akili yenyewe ya mtoto, haikuwemo hata kwa neno moja.

Hapo nilijifunza jambo linalouma. Ombi la hataza likishapokelewa, huruhusiwi kuliongezea kitu kipya ambacho hakikuwemo tangu mwanzo. Rufaa nayo si mahali pa kusimulia upya kwamba kijana wetu ana akili. Ni kuonyesha kosa la mchunguzi: kwamba karatasi ya zamani aliyoitaja haisemi alichodai inasema, au kwamba fundi wa kawaida asingekuwa na sababu ya kuunganisha hiki na kile, au kwamba wataalamu wa wakati ule walikuwa wanaelekea upande mwingine kabisa. Sisi hatukuwa na hata moja kati ya hayo. Hata kama habari ya taa ingekuwemo, kadi ya rubani ingetusubiri mlangoni.

Rufaa zipo na zina maana. Shirika la Hakimiliki la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, lina Bodi yake ya Rufaa. Marekani mwombaji aliyekataliwa huanzia bodi ya ofisi ya hataza, kisha anaweza kwenda Mahakama ya Rufani ya Shirikisho. Kuna wanaoshinda. Lakini anayeshinda ni mwenye hoja, na kuwa na uchungu si hoja.

Mjomba alimaliza kikao kwa kumgeukia baba: “Shemeji, kiwanja usiuze. Mtoto huyu hajashindwa. Amefika mahali akakuta wakubwa wamekaa. Sasa mtafutie njia ya kuwapita.”

Kabla hujatoa fedha

Mzazi mwenzangu, haya ndiyo ningependa mtu angetuambia kabla ya zile laki sita.

Tafuta kwanza. Hataza za zamani zinasomwa bure mtandaoni kupitia Espacenet, Google Patents na Patentscope ya shirika la WIPO. Keti na mtoto wako jioni mbili tatu, mwandike maneno tofauti ya kitu chake. Ukikuta kimeshafanyika, umeokoa fedha, na mtoto amejua watu wa fani yake ni akina nani.

Usitangulize maonyesho. Morogoro tunapenda maonyesho, kuanzia ya shule hadi Nanenane. Lakini ukishaonyesha namna kitu kinavyofanya kazi, kinaweza kuhesabika kuwa kimeshajulikana, na upya wake ukapotea. Sheria za nchi mbalimbali hutoa nafuu ndogo kwa masharti, usiitegemee. Wasilisha ombi kwanza, onyesha baadaye.

Soma kinachoandikwa. Kiini cha ombi ni madai, yaani sehemu inayosema nini hasa unataka kilindwe. Mtoto aisome mwenyewe na kusema, “Ndiyo, hiki ndicho nilichofanya.” Kama haelewi, au kama jambo lake kuu halimo, msitie saini.

Uliza kuhusu cheti cha manufaa. Sheria yetu ina njia ya pili kwa ubunifu ulio mpya na unaoweza kutumika, hata kama haukufikia kile kizingiti cha kutokuwa wazi. Kwa kazi nyingi za vijana wetu, za jiko, jembe au kifaa cha gereji, njia hii huenda ikafaa kuliko hataza. Hakuna aliyetuambia.

Lipa kwa njia ya serikali. Tanzania Bara hataza hushughulikiwa na BRELA. Ada za serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba, na risiti huwa na jina la mwombaji. Anayekutaka utume ada ya serikali kwenye namba yake binafsi ya simu, muulize kwa nini. Kwa ushauri wa awali, SIDO wana ofisi mikoani, na COSTECH wana kazi ya kulea wabunifu.

Jua mipaka. Hataza ya Tanzania inalinda Tanzania. Haimzuii mtu wa nchi nyingine kutengeneza na kuuza kwao.

Angalizo la mwandishi wa afya

Kwa kuwa tunazungumzia dira, nyumba yenye mvumbuzi wa namna hii huwa na sumaku: za spika kuukuu, za vifaa vya kuchezea, na zile ndogo zenye nguvu sana zinazouzwa mtandaoni. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, zifungie. Mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, au sumaku na kipande cha chuma, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Mwanzoni anaweza kuonekana mzima, au akatapika na kulalamika tumbo kama mwenye minyoo. Usisubiri, usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari wazi kwamba ni sumaku.

Baada ya kikao

Usiku ule wa kikao niligonga mlango wa mdogo wangu nikampa simu, aone picha ya kadi ya ndege. Aliitazama muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili, akasoma: redio imewashwa, redio imezimwa.

“Kumbe na wao waliona inaruka,” akasema.

“Waliona.”

“Basi sikuwa nimekosea.”

Nilitaka kumwambia mengi, nikaona ameshajiambia mwenyewe.

Laki nane za rufaa hazikulipwa. Kiwanja cha Kihonda kipo. Mdogo wangu sasa anasoma umeme wa magari VETA, hukohuko Kihonda, na ana daftari jipya ambalo hanionyeshi. Anasema hadi alitafute kwanza kwenye zile tovuti, ajue wakubwa wamekaa wapi.

Baba hakuwahi kuomba radhi kwa maneno. Baba zetu wengi hawana desturi hiyo. Ila Jumapili moja alibadilisha spika za gari, na dira ikaanza kudanganya upya. Alikuja hadi mlangoni mwa chumba, akasimama pale na ufunguo mkononi.

“Mwanangu,” akasema, “lile jedwali lako limeisha muda. Twende uwanjani ukaniandikie jingine.”

Walirudi magharibi imeshaingia, wote wawili wamejaa vumbi.